Marehemu Alipoimba Dakani kwa Bwana Shee

Jamani, aibu hii nimeificha miezi minane, na mnaotaka kucheka chekeni mmalize, maana hadi leo nikipita mbele ya daka la Bwana Shee, pale kwenye baraza za mawe mlangoni ambapo wazee hukaa, huvuta mtandio hadi puani nikapita mbio kama niliyeiba kuku.

Mamangu, Bi Zena, alikuwa na kanda moja kashani mwake. Ilirekodiwa harusini, zamani mimi sijaota meno, wanawake peke yao wanaimba vugo, na anayeongoza ni dadake, halati Maimuna, sauti nyembamba tamu, na katikati ya nyimbo anapiga porojo na kucheka. Siku ile halati alimwapisha mamangu: kanda hii asiisikie mwanamume. (Vugo ni mambo ya wanawake, na maneno mengine mle ndani, mh, hata mimi niliona haya.) Halati akafariki, Mungu amrehemu, redio ya kanda nayo ikafa, na mamangu akawa miaka na miaka anaishika tu ile kanda mkononi.

Ndipo ndugu yangu Salma, aliyeolewa Mombasa, alipoichukua akaihamisha mwenyewe hadi mtandaoni, mahali petu wenyewe tu, kisha akatuletea spika ya waifai ya kuichezea. Alinunua mbili, sawasawa kama mapacha, moja yetu na moja ya Bwana Shee, mume wa halati marehemu. Nyumba yake na yetu zinaungana kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro, lakini mlango wa wikio ulifungwa tangu halati aondoke. Hapakuwa na ugomvi, ila kila upande ulibaki na huzuni yake.

Basi siku ya siku, Ijumaa baada ya Alasiri, mamangu kaoga, kajifukiza udi, kakaa kitako anangoja kumsikia dadake. Nami nawasha spika. Taa ikamemeta, ikageuka njano, kimya. Nikazima, nikahesabu hadi kumi, nikawasha. Njano. Nikabonyeza kitufe cha nyuma hadi kidole kikafa ganzi. Njano. Nikaipeleka ngazini, ikashika, nikairudisha ndani, ikakata, ndipo nikajua ruta iko juu darini na hizi kuta zetu za matumbawe, unene wake mkono mzima, hazipitishi kitu. Dawa ilikuwa moja tu, kuishusha ruta na waya wake wote. Nami kwa uvivu wangu (mnanijua) nikaona ya nini, nikamwandikia Arafa, mkazamwana wa Bwana Shee, anipe neno la siri la waifai yao, ambayo hupenya mlango wa wikio hadi kwetu.

"Tima, cha watu huombwa kwa mwenyewe," mamangu akasema.

"Si kitu, Mama, ni hewa tu."

Hewa tu! Ulimi huu utanizika. Simu yangu ikaingia kwenye waifai ya jirani, nikaona spika moja, jina lile lile la kiwandani, nikabonyeza kwa bismillahi. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza hadi mwisho, nikabaki kuitazama spika yetu, nayo inanitazama kwa taa yake ya njano, wala haikunijia akilini kwamba yetu haijaingia popote, na ile niliyoibonyeza ni ya Bwana Shee, ambayo kila Alasiri huwekwa dakani, kichochoro cha upande wa pili, wazee wasikilize habari za dunia. Na kuta zisizopitisha waifai, wenzangu, hazipitishi sauti pia.

Hazikupita dakika kumi, Arafa huyo, buibui upande, kiatu kimoja.

"Zimani! Marehemu Bi Maimuna yuwaimba dakani!"

Mamangu akashika kifua. Mimi natafuta pa kuizima, simu ikaniponyoka ikaruka chini ya kitanda, nikaifuata kwa tumbo, huku Arafa anasimulia juu ya kichwa changu: wimbo wa kwanza wazee walidhani ni tangazo, wa pili mwalimu wa chuo cha Kurani akaziba masikio (vidole vimeachana, asema Arafa), kisha ikaja sauti ya halati inacheka: "Shee wangu hajui kufunga kikoi! Akipanda ngazi mie roho yuu, kisije kikamdondoka!" Baraza zima likaangua kicheko.

Nilipoizima na kutoka chini ya kitanda, vumbi usoni, mamangu alikuwa analia. "Kitu kimoja tu aliniomba, Tima. Kimoja." Hapo aibu yote ilinitoka, nikabaki na uchungu mtupu.

Mara tukasikia hodi kwenye mlango wa wikio. Mamangu akajifunika kichwa, mimi nikavuta komeo lililoshika kutu. Alikuwa Bwana Shee.

"Mbona mumeizima?" akauliza.

"Niwie radhi, Bwana Shee," mamangu akasema. "Nilimwapia asiisikie mwanamume."

"Wale wazee niliwafukuza, palepale pa kikoi. Nikabaki peke yangu. Na mimi, Bi Zena, kwa Maimuna si mwanamume. Mimi ni mumewe."

Mamangu akasogea kando ampishe.

Siku ile ile niliishusha ruta, ngazi zote, waya shingoni, nikaiweka wikioni, na mlango ule haujafungwa tena. Nimeapa, sibonyezi kitu nisichojua kitalia kwa nani, na cha jirani nakiombea mlangoni. Ila kila Ijumaa baada ya Alasiri hubidi nikae pale na simu yangu, mamangu upande huu, Bwana Shee upande ule, kikoi amekifunga upogo kama kawaida yake, na wimbo ukikaribia kwisha mzee huniinulia kidole.

"Tima, mwanangu, irejeshe kidogo. Pale pa kikoi."