Padri Aliyekuja Kutula

Uji unapoungua jikoni, wajukuu zangu huziba pua. Mimi hucheka peke yangu, nao hutazamana, wakijiuliza kama bibi yao bado yu timamu. Ni harufu ileile ya mchana ule, kijijini kwetu karibu na Nyangamara, padri wa Kidachi alipotutangazia kwamba amekuja kutula.

Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha, njaa ndiyo ilikuwa imekuja. Askari walichoma maghala yote. Baba alikwenda vitani amejipaka ile dawa ya maji ya kuzuia risasi, hakurudi. Nilibaki na Bibi Mwanahawa, mama yake Baba, tukichimba ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka ming'oko yenyewe ikaadimika.

Basi siku hiyo akatokea Mdachi mwenye ndevu nyekundu, amevaa kanzu nyeupe, anajikuna upupu wa njiani. Nyuma yake wapagazi wawili na magunia. Watu walikusanyika kwa mbali, mguu mmoja tayari kukimbia. Padri akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akatandaza mikono, akasema kwa upole kabisa:

"Msiogope! Nina huruma. Nimekuja kuwala. Nyote! Watoto kwanza!"

Kufumba na kufumbua, kijiji kikawa kitupu. Hata Mzee Chilumba, aliyekuwa akibebwa miezi mitatu kwa ugonjwa wa magoti, alimpita mbio mwanawe aliyekuwa akimbeba. Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini, nasi tukaona wanaifurahia karamu.

Nilimvuta Bibi nguo. Hakusogea, miguu ilikuwa imemvimba kwa njaa. Akamtazama padri kuanzia viatu hadi ndevu.

"Haya, anza na mimi," akasema. "Lakini utavunja meno bure. Hapa imebaki mifupa."

"Marahaba, mama!" padri akajibu kwa furaha.

"Marahaba ya nini? Nani kakuamkia? Mimi nina wajukuu, wewe ndiye wa kusema shikamoo!"

Padri akababaika. Akafungua gunia, akachota unga wa mtama kwa kiganja, akauonyesha, kisha akaonyesha kinywa changu. Bibi aliutazama unga, akanitazama mimi. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Baba aondoke.

"Kuwalisha," akamwambia. "Sema, ku-wa-li-sha."

Alimrudishia neno mara nyingi kama mwalimu wa chuoni, ikakosekana bakora tu. Padri aliinjika chungu mwenyewe, akawa anakoroga huku akikariri, "kuwalisha, kuwalisha," na kwa kukazania neno akausahau uji. Ukaungua.

Bakuli la kwanza alilichukua Bibi. Akanywa lote. Nikanyoosha mkono, akaupiga kofi.

"Ngoja."

Akaketi, mikono juu ya tumbo. Nililia. Padri akanisogezea kata ya uji, Bibi akaisukuma. Kivuli cha nyumba kilitambaa kutoka kizingitini mpaka kwenye kinu, nami bado nimemeza mate tu. Nilimchukia. Nikasema moyoni, kumbe mla watu ni huyu.

Mwishowe akashusha pumzi ndefu, akanijazia bakuli mpaka likamwagika. Kisha akageukia porini, akapaza sauti:

"Njooni! Kusema hajui, kupika ndiyo kabisa, lakini watu hali!"

Wakarudi mmoja mmoja. Mzee Chilumba alikuja wa mwisho, akichechemea. Njiani alikumbuka kwamba ni mgonjwa.

Uroho ule wa Bibi niliuweka kifundo miaka mingi. Nilikuwa mtu mzima, mwanangu wa kwanza mgongoni, siku nilipoelewa. Waliotuchomea maghala walitumwa na Wadachi, na huyu naye alikuwa Mdachi. Bibi hakujua ndani ya uji ule mna nini. Alikunywa, akakaa pale kungoja kama atakufa. Alipoona hafi, ndipo akanipa mimi.