Ubao wa Magdalena

Prisca wa Bigwa akikwambia jambo linawezekana, usibishane naye, tafuta ufagio. Mimi ni Rogers, fundi wa kompresa yake. Kwa miaka minne nimemwona akisafisha maduka yaliyoungua Msamvu na nyumba zilizoota ukungu baada ya mafuriko. Hatumii maji wala sabuni. Anatumia barafu kavu, punje nyeupe zenye baridi inayobabua ngozi. Mashine inazirusha kwa upepo wa kompresa, masizi yanang'oka, na punje zenyewe zinageuka hewa. Unabaki kufagia tu. Kazi hiyo alijifunza Dar, kwenye kiwanda alikoanza kama mfagizi, akarudi nayo nyumbani akitamba. Mwacheni atambe, anaiweza.

Mwaka huu aliitwa kwenye kigango kimoja juu ya milima ya Uluguru. Nyaya za umeme za sakristia, chumba cha padri kuvalia, zilishika moto. Kanisa lilinusurika, lakini ukuta wa mbao nyuma ya altare ulikuwa mweusi kama sufuria ya makande. Na ukuta ule haukuwa mbao tu. Zamani, kanisa lilipojengwa, akina mama walizibeba mbao hizo kichwani kutoka bondeni, na kila ubao ukachongwa jina la aliyeubeba. Sasa kamati ya ujenzi ilikuwa imeshanunua vigae vya kuweka mahali pake.

"Kipaimara ni wiki ijayo," mwenyekiti wa kamati, Leonard, alituambia bila kuzunguka. "Jumamosi saa sita mafundi wanang'oa. Mkiziokoa kabla ya hapo, sawa."

Aliyemwita Prisca ni Bibi Editha. Ubao wa mwisho, ule wa karibu na sakristia, una jina la mama yake, Magdalena. Kaburi la mama huyo lilisombwa na maporomoko, na picha hakuwahi kupigwa.

"Wakiung'oa, mwanangu," alisema, "sina pa kuwaonyesha wajukuu kwamba mama yangu aliishi."

Mashine na kompresa tulivipandisha kwa lori siku ya Alhamisi. Barafu kavu haiwekwi akiba, inapungua huku unaitazama, kwa hiyo tuliagiza itoke Dar na kufika Jumamosi alfajiri. Ijumaa mvua ikakata barabara! Masanduku manne yakaishia Bigwa, chini ya mlima. Castory, mbeba kabichi hodari kuliko wote mlimani, akakusanya wenzake saba wayafuate kwa miguu. Prisca akampigia simu.

"Kaka Castory, msiiguse kwa mkono. Msikaze vifuniko, hewa lazima itoke. Na msipumzike nayo ndani ya nyumba."

"Ondoa shaka, dada. Mizigo inayoharibika ndiyo kazi yetu."

Hapo ndipo tulipoponzeka. Wabeba mboga wa Uluguru wana desturi yao: kila wakivuka kijito, mzigo unanyunyiziwa maji usinyauke. Saa nne wakatokea, wawili wawili, masanduku yananing'inia kwenye miti mabegani, moshi mweupe unafuka kila upande.

"Dada, tumeitunza!" Castory alisema, uso umejaa furaha. "Kila kijito tumeimwagia maji ya kutosha. Ona inavyofuka!"

Ukiimwagia maji barafu kavu, inakwisha mbio. Kutoka masanduku manne tulipata ndoo mbili, tena hazikujaa. Nilitaka kupiga kelele. Kusema kweli, nilipiga. Prisca alimshika Castory bega.

"Kosa ni langu," alimwambia. "Hilo la maji sikulisema."

Castory alikaa kwenye ngazi za kanisa akajishika kichwa. Ndoo mbili zingetosha mbao mbili, labda na kipande.

"Bibi," Prisca akauliza, "tuanze na ubao wa mama?"

Bibi Editha aliitazama kona ile nyeusi, akatikisa kichwa.

"Maji yakimwagika hayazoleki. Anza katikati, mahali kila mtu atapaona. Ukianza na wa kwangu, watasema bibi kapata chake, halafu wang'oe zilizobaki. Mama hakubeba peke yake."

Nilimheshimu bibi yule kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu.

Tulifungua milango na madirisha yote, maana hewa ya barafu hiyo ikijaa ndani inakata pumzi, na watu tukawatoa nje. Nikawasha kompresa. Jamani! Prisca alielekeza bomba katikati ya ukuta, na weusi ukaruka, mti ukatokea na rangi yake ya asali, na juu yake herufi kubwa zilizochongwa: VERONIKA. Vigelegele vikalipuka madirishani. Ubao wa pili ukatoa ANGELINA, na mwanamke mmoja akapiga yowe, "Huyo ni nyanya yetu!"

Leonard aliingia, akapitisha kiganja kwenye ubao.

"Haujalowa hata kidogo, hakuna cha kungoja kikauke," alisema. Akatazama saa yake, ilikuwa bado robo kufika sita. "Mafundi warudi nyumbani. Vigae tutaviweka chooni."

Nilichungulia tangi la mashine. Punje zilizobaki zisingejaza bakuli. Prisca alikuwa ameshakimbilia kona. Ikatoka M. Ikatoka A, kisha G, nami nashangilia kama niko uwanjani. D. A. Bomba likatema upepo mtupu.

Nikazima kompresa. Prisca alivua miwani, macho yamejaa machozi.

"Nisamehe, bibi. Jumatatu nitaleta nyingine, nimalizie."

"Na nitaibeba mimi!" Castory alipaza sauti kutoka mlangoni. "Bila tone la maji!"

Watu wakacheka. Bibi Editha hakucheka. Alisogea polepole hadi ukutani, akaweka kidole mahali weusi ulipoanzia, akapapasa mpaka akaupata mchongo uliokuwa chini ya masizi. Akaufuata, akitamka herufi moja moja: L, E, N, A. Kisha akatugeukia, kidole cheusi tii, analia na kutabasamu.

"Yupo," alisema. "Mama yangu yupo."