Wanataka Niseme Kifaransa Sikijui

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usipunguze hata moja. Kisa chenyewe kimeanza kwa watu kutaka maneno yapunguzwe.

Mimi ni dada wa miaka 26, niko chuo kikuu mwaka wa tatu, nasoma Kifaransa na Kihispania pamoja na fasihi zake. Nimekulia kota za magereza Jinja. Baba alikuwa askari jela, sasa amestaafu, amejenga Busiu. Miaka yote mitatu nimechekwa: "Kifaransa ndiyo mboga ya kulia posho, huu ugali wetu?" Baba mdogo ndiye aliyezidi. Kila Krismasi ananiita Madamu Paris, watu wanavunjika mbavu. Nikazoea.

Sasa mdogo wangu, mwenye saluni Jinja mjini, akapata mchumba, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kinshasa. Yeye Kiingereza anajua, ila wazee wake ni Kifaransa na Kilingala tu, Kiswahili hata salamu hawana. Na siku ya kwanjula, wakwe wanapokuja kujitambulisha, mchumba haruhusiwi kujisemea. Ghafla Madamu Paris akawa lulu! Nikanunuliwa gomesi, vazi letu la sherehe, nikawekwa kiti cha mbele. Asubuhi ile baba mdogo akaninong'oneza, "Mwanangu, yakitoka matamu tupe, yakitoka machungu yameze." Nikamwambia chuoni tunafundishwa kutoongeza wala kupunguza. Akacheka.

Mdogo wangu ana mtoto wa kiume wa miaka mitano, alimzaa kabla ya huyu mchumba. Tunamlea mimi na mama pale Busiu. Mchumba aliahidi kuwachukua wote wawili, na mtoto alishaanza kuwaaga wenzake.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzee wao mmoja aliposimama. Akasema kwa Kifaransa, taratibu kabisa, kwamba binti wamempenda, lakini mtoto abaki hapa hapa. Kwao hataingia, hata kwa kutembea asipelekwe. Mchumba akanisogelea sikioni: "Shemeji, hilo liruke."

Kumbe alijua tangu mwanzo! Nikamtazama mdogo wangu pale kwenye mkeka. Anatabasamu, anasubiri nimwambie kitu kizuri. Banange! Nikasimama, nikasema yote kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika mpaka jikoni.

Mdogo wangu akamuuliza mchumba, "Ulijua?" Mwanaume akaangalia viatu vyake. Mdogo wangu akaingia ndani, wageni wakaondoka chakula hawajakigusa.

Wiki mbili zimepita. Mchumba ametuma ujumbe kwamba watarudi Jumamosi, lakini kwa sharti: nisimame mbele ya wazee wa pande zote niseme nilikosea kutafsiri, Kifaransa changu ni cha kuungaunga, mzee hakusema vile. Na nyumba nzima imekubali! Baba mdogo anasema nina wivu kwa kuwa sijaolewa. Baba akaniita: "Binti, mimi miaka thelathini nimetii amri. Sema tu ulikosea, yaishe." Nikamjibu, "Afande, amri hii siitii." Sijawahi kumjibu hivyo maishani mwangu.

Aliyeniumiza zaidi ni mdogo wangu. Alinifuata chumbani akilia. "Dada, sema ulikosea. Nikishafika kule nitamvuta mtoto polepole." Nikamuuliza, "Utamvuta kwa mlango upi, na umesikia hawamtaki?" Akasema nikikataa, mimi si dada yake tena. Jamani, huyu nimembeba mgongoni! Nimelia mpaka kichwa kikauma. Lakini sisemi uongo huo. Akitaka kuolewa aolewe, simzuii, ila aende akijua anakokwenda. Sijakesha na vitabu miaka mitatu ili mtu aniambie hadharani niseme sijui ninachokijua. Jumamosi nitavaa gomesi lile lile, na wakiniuliza nitarudia neno kwa neno.

Kwa hiyo wapendwa, wa kuniambia niombe msamaha msijisumbue. Ninachowauliza ni kingine.

Siku ile mtoto alikuwa jikoni na mama. Mtoto hakumsikia yule mzee, na hata angemsikia, Kifaransa angekijulia wapi? Sauti aliyoisikia ni yangu. Tangu siku ile hali chakula mkononi mwangu, nikimwita anajificha nyuma ya bibi yake. Nilidhani anaumwa. Jana nikiwa nafua akaja akasimama mbali kidogo, akaniuliza, "Mama mkubwa, kwa nini ulisema nisiende na mama?"

Sabuni ikanitoka mkononi. Nikimwambia maneno yale si yangu, ataniuliza ni ya nani, na huenda mama yake anakwenda kuishi kwa huyo huyo. Nyie mliolea watoto, nisaidieni. Nimjibuje?