Fundi Kufuli na Ukurasa wa Uchumba

Shemeji yangu fundi kufuli alijifundisha mambo ya tovuti kama mimi nilivyojifundisha kusoma: peke yake na kwa ukaidi. Tovuti ya duka aliitengeneza mwenyewe. Akaweka funguo, akaweka vitasa, kisha akaongeza ukurasa wa uchumba wa binti yake. Zamani furaha ya nyumba iliishia uani. Siku hizi lazima ulimwengu ujue.

Uchumba ule ukavunjika. Alipotokea mchumba mwingine, fundi akalitafuta jina la bintiye mtandaoni kwa simu, likatoka pamoja na la yule wa kwanza. Wakwe wapya walikuwa wanakuja Jumamosi. Kuufuta ukurasa alishindwa, kwa kuwa ndani mlikuwa na sauti ya marehemu mama yake akimwombea mjukuu. Akaamua kuuficha. Ndani yake akaandika amri kwamba usitajwe popote mtu anapotafuta. Tena, kwa kuwa fundi kufuli haridhiki na komeo moja, kwenye faili la mlangoni mwa tovuti akavikataza kuingia vile vijiprogramu vinavyozunguka vikisoma tovuti za watu na kupeleka habari kwa wanaotafuta.

Majina yakabaki palepale.

Tukamwendea mama anayetengeneza kompyuta mtaa wa pili.

“Kaka, umewakataza kuingia,” alisema. “Amri ya ndani wataisomaje?”

“Kwa hiyo niwafungulie, ndipo wanyamaze?”

“Ndiyo.”

“Dada, tangu nizaliwe sijaona mwizi anayefunguliwa mlango ili asiibe!”

“Huyu si mwizi, ni mbeya. Ukimfungia, anakwenda kusema pale pana jambo.”

Fundi alinitazama. Nikatazama dari.

Alifungua, huku akinung’unika. Tukauliza watakuja lini kuisoma hiyo amri. “Wakipenda,” akajibu yule mama. Hata mgeni asiyetakiwa, zamani, alipiga hodi.

Jumamosi wakwe wakawatangulia.

“Tumeona jina la mwanenu mtandaoni, na la kijana mwingine,” mama mkwe alisema kabla hajagusa chai. “Chini pameandikwa hakuna maelezo. Tungeona picha tungecheka tu. Mnaficha nini?”

Fundi akaanza kueleza habari za mlango na amri.

“Ngoja, baba. Mmefunga au mmefungua?”

“Tumefungua, mama, ili wafiche.”

“Wafiche akina nani?”

“Hao wanaopita.”

“Wamepita?”

“Bado.”

Mama mkwe akanigeukia mimi, mtu mzima mwenye mvi, nimsaidie. Nikasema kwamba kadiri unavyofunga ndivyo wanavyosema, na nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe nikashika kikombe.

Binti akaweka sinia chini, akaketi.

“Mama, niulize mimi. Nilichumbiwa, na niliyekataa ni mimi.”

Mama mkwe alikivuta kiti chake, akatupa mgongo sisi wazee wawili.

“Haya, mwanangu. Ulimkatalia nini?”

Wakaongea mpaka chai ikapoa. Fundi na mimi hatukuulizwa neno tena.