Mwalimu Lydiah na Sauti ya Puani

Lydiah alifundisha kusoma miaka kumi na minne katika shule yetu, juu kidogo ya mji wa Runyenjes, na hakuna mwaka alioajiriwa na serikali. Alikuwa mwalimu wa kamati: sisi wanakamati ndio tuliomwandika, na sisi tungeweza kumfuta. Mimi sikuketi darasani hata siku moja. Kusoma nilijifunza kwa magazeti ya kufungia sukari, nikiokota herufi kama maharagwe yaliyomwagika. Ndiyo maana nilipenda kusimama nje ya darasa lake nikisikiliza watoto sitini na wawili wakisoma kwa pamoja. Zamani hizo, mtu aliyepalilia kahawa ng'ambo ya mto alijua watoto wamefika ukurasa upi.

Mwaka jana vikaja vishikwambi. Shirika moja la nje lilituletea thelathini, pamoja na kijana aitwaye Antony, mwenye shati jeupe na maneno mengi. Alitundika shuka ukutani akatuonyesha picha ya nchi zilivyopangwa kwa alama za kusoma: Ufini huko juu, Singapuri, Estonia, na chini kabisa, karibu na sakafu, sisi.

"Huko Ufini mtoto anafundishwa kwa lugha gani?" nikamuuliza.

"Kifini, mzee."

"Ya mama yake?"

"Ndiyo."

"Wa kwetu anatoka nyumbani na Kiembu, anakuta Kiswahili langoni na Kiingereza darasani. Hilo liko kwenye picha yako?"

Alicheka kwa adabu. "Mzee, mashine haina upendeleo."

Kazi ilikuwa hivi: mtoto anakisomea kishikwambi hadithi ya Kiswahili, nacho kinampa alama. Darasa likikosa arobaini kwa mia mihula miwili, mwalimu abadilishwe, au vishikwambi virudi vilikotoka. Lydiah aliyasikia hayo akiwa ameketi kiti cha nyuma, mikono mapajani.

Muhula wa kwanza darasa lake lilipata kumi na tisa. Hadithi ilihusu baba na dada waliopanda gari. Watoto wetu, kama wazazi wao, kama mimi, husema mbaba, ndada, ngari. Sauti hizo hatuzitoi bila kuzipitisha puani kwanza; ndivyo ulimi wa mama ulivyotufinyanga. Mashine ilifunzwa na midomo ya watu wa mbali. Kila ngari ilikuwa kosa.

Lydiah akajifungia ofisini, akakisomea kishikwambi yeye mwenyewe. Kikampa thelathini na moja.

"Usimwambie mtu," aliniomba. "Mimi ndiye niliyewapa hiyo n, mzee. Wala sikujua ninayo."

Alitafuta dawa, akaipata. Pua ikibanwa, n haina pa kutokea. Basi darasa zima likasoma limeshika pua, kama watu wanaopita nyuma ya choo.

"Ndambiri, umesema ngari. Bana!"

"Mwalimu, nikibana zaidi nitakufa!"

"Utakufa ukiwa umesoma."

Wakacheka, naye akacheka. Baada ya wiki tatu walitamka gari safi hata bila kugusa pua. Akawapima kwa hadithi ileile: sitini na nne. Siku hiyo alinunulia darasa zima mandazi.

Muhula wa pili Antony alikuja na hadithi mpya. Haikuwa ya gari. Ilikuwa ya mama aliyekwenda sokoni na mbuzi, akarudi na ndizi ndani ya ndoo. Watoto walisimama mmoja mmoja, wakajitahidi walivyofunzwa. Buzi, wakasema. Dizi. Doo. Lydiah hakuruhusiwa kusema neno. Akagusa pua yake, akatikisa kichwa, akitaka waiachie. Wao wakadhani anawakumbusha, wakaibana.

Kumi na moja.

"Mwalimu," Antony akauliza, wala hakuwa na hasira, "mtoto wa shamba anashindwaje kusema mbuzi?"



Kamati ilikutana Alhamisi. Nilisema yote niliyokuwa nayo: kwamba watoto hawa walijua mbuzi kabla ya kujua shule, na kwamba tuliwavuruga kwa kufuata kipimo cha wengine. Mwenyekiti akanishukuru, kisha akauliza kama tunataka vishikwambi virudi. Hakuna aliyetaka. Wa pekee aliyemtetea Lydiah alikuwa mzee ambaye hakwenda shule.

Sasa Lydiah anachuma majani chai katika shamba la mkulima mmoja, Ndwiga. Juzi nilimkuta kwenye kituo cha kununulia majani, kikapu mgongoni, akingoja kupimiwa.

"Mwalimu," nikamsalimu.

Wanawake waliokuwa mbele yake wakageuka kutazama.

"Mzee Kathuri, usiniite hivyo hapa," akasema polepole, akikanyaga kila neno kama jiwe la kuvukia mto. "Niite Mama Ruguru."

Foleni ikasogea. Karani, mgeni kwenye kituo, akamuuliza jina lake. Jina lenyewe lina d katikati. Lydiah alimtazama karani, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akatia mkono mfukoni, akamwonyesha kitambulisho.