Mwito wa Kitindamimba Pangoni

Mama yake Wilkister alikuwa na makanisa mawili, na hakuna mchungaji aliyemweza. Jumapili aliimba katika kanisa la Marafiki kule bondeni. Jumatatu alipanda Mlima Elgon hadi kwenye pango ambamo babu zake waliishi na ng'ombe wao, akaingiza kichwa gizani na kuwapa marehemu habari za mvua na mahindi. Pango lilimrudishia sauti yake, naye akaridhika kuwa amejibiwa.

Katika ukoo wao, mtu akifa, kitindamimba wake husimama mlangoni pa pango na kumwita kwa jina. Pango likiitikia, marehemu amepewa ruhusa ya kwenda. Lisipoitikia, hubaki pale pale akimngoja mwanawe. Kitindamimba wa mama huyu ni Wilkister, na Wilkister alikuwa Lidcombe, mtaa wa Sydney, Australia, akiwaogesha wazee wa watu katika makao ya wazee.

Corona ilimchukua mama Julai ya mwaka 2021. Sydney ilikuwa imefungwa, mipaka nayo imefungwa, na mazishi ya corona hayangoji mtu. Wilkister alilia hadi macho yakamvimba, kisha akaenda kazini, maana wazee wa watu nao walihitaji kuoga.

Mama alipokwisha kuzikwa, Wekesa, kaka yake Wilkister, alipanda mlima na simu. Wilkister alijifungia bafuni asiwasumbue majirani.

"Niko mlangoni, Wilki," Wekesa alisema. "Sauti nimeweka mwisho. Ita sasa."

"Nasimiyu," akaita kwa nguvu zake zote, jina la mama yake, ambalo siku nyingine asingethubutu kulitamka.

Sauti ikamrudia papo hapo. Moyo ulimruka, kumbe ni vigae vya bafuni. Kutoka mlimani alisikia maji yakidondoka na popo wakilia, basi. Akaita tena na tena hadi koo likakauka. Kisimu cha Wekesa kilitoa kisauti chembamba kama cha kifaranga, na pango lile lilivyo kubwa, halikushughulika nacho.

Wekesa alikohoa.

"Limeitikia," alisema. "Nimelisikia mwenyewe. Mama ameenda."

Tangu utotoni, Wekesa hakuweza kusema uongo bila kukohoa kwanza. Mama ndiye aliyekuwa akimcheka kwa hilo.

"Asante, kaka," Wilkister alisema, akakata simu. Akaketi sakafuni, akijua kwamba mama bado amesimama pale mlangoni, kwenye baridi ya mlima, anamngoja.