Salamu Zisizoitikiwa

Habari ya kifo chake niliipata kwenye simu, asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni. Iliandikwa na kiongozi wa isibo yetu, yaani zile nyumba chache za mtaa mmoja zinazopeana habari za kazi za pamoja za umuganda, ulinzi na misiba, katika kundi letu la simu: yule mama wa nyumba ya kona amefariki usingizini. Nikataka kuandika pole, simu ikanikatalia. Chini ya tangazo palikuwa na mstari mdogo wa Kifaransa unaosema kwamba wasimamizi peke yao ndio wanaoruhusiwa kuandika. Sikuwa nimeuona mstari huo kabla ya siku ile, kwa sababu sikuwa na neno la kuliambia kundi lile. Nikavaa koti, nikaenda msibani.

Wengi wenu mliovuka mpaka kwenda Goma mlimsikia hata kama hamkumjua. Miaka nenda miaka rudi alibeba karoti na kabichi za Cyanzarwe, na akifika kwenye foleni aliisalimia yote, kuanzia wachuuzi hadi askari. Yeye alirudi nchini kutoka Kongo, mimi nikarudi kutoka Tanzania, na utani wetu ulikuwa huo. "Kiswahili yako inavaa kravati," aliniambia kila tulipoonana, maana kwake Kiswahili cha Tanzania kilikuwa kimevaa tai. Kisha magoti yakamgomea, akabaki nyumbani, na foleni ikaendelea bila yeye. Binti yake wa Kigali akamletea simu janja, akaniomba nimfundishe. Nilikwenda nimejiandaa kama mwalimu wa darasa la kwanza, nikaanza kueleza mtandao ni nini. Akanikata kauli. "Bon, wacha maneno mingi, mutoto yangu. Nionyeshe tu fasi ya kufinya." Nikamwonyesha kitufe cha kurekodi sauti. Akafinya, akasema, akaachia, sauti yake ikaenda. Mimi niliyetenga wiki mbili za masomo nikanywa chai yangu nikarudi nyumbani. Kumbe mtu mwenye la kusema hachelewi kujifunza pa kulisemea.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi sauti yake iliingia kwenye kundi: "Mwaramutse majirani! Mumeamukaje?" Aliuliza kuhusu homa ya mtoto wa fulani, akasifu mvua, akatutakia kazi njema. Barabarani hakuna kati yetu ambaye angepita mbele ya mzee asiitikie salamu yake. Mtoto akifanya hivyo huitwa arudi aitikie, na akifika nyumbani habari imemtangulia. Lakini ndani ya simu hakuna aliyemwitikia. Mimi nilimsikiliza nikinyoa ndevu, nikatabasamu, nikaweka simu kando, nikidhani kutabasamu kwangu kunatosha. Halafu sauti ikakoma, na naona haya kuandika kwamba sikushtuka.

Nilikutana naye sokoni Mahoko, amekuja na jirani kununua viazi. Alikuwa amepoa. Nikamuuliza habari za simu. Akatazama chini. "Ile simu inanikataa. Nafinya, nafinya, sauti haiendi. Donc ni kichwa yangu ndiyo inaisha." Simu yenyewe aliiacha nyumbani, na sikumwambia twende nikaitazame. Nikamfariji. Nikamwambia ujana ni moshi, ukienda haurudi, na kwamba hata mimi siku hizi nasahau miwani yangu ikiwa usoni. Akacheka kidogo kwa heshima, akanishukuru. Niliondoka nikijiona mtu mwema.

Siku ya mazishi, tulipokuwa tunanawa mikono kama desturi yetu ilivyo baada ya kutoka makaburini, binti yake alisema mama alirudisha simu janja, akaomba kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Aliwaambia akili yake imechoka na hataki kuwaaibisha wanawe mbele ya majirani. Wakaanza hata kumwuliza kama bado anakumbuka kuzima jiko. Kiongozi wa isibo, kijana muungwana, alisimama maji yakimchuruzika mikononi. "Simu yake ilikuwa muzima," alisema. "Mimi ndiye nilifunga kundi. Watu waliniandikia kwamba mama anawaamusha kila siku, nikaona haya kumwambia mwenyewe. Nikafunga kwa wote." Hakuna aliyeuliza ni watu gani. Tulinawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

Mimi sikulalamika kwa kiongozi. Wala sikumwitikia mama hata mara moja, na hilo halinipi nafuu yoyote. Tunapenda kusema wazee hawaziwezi simu hizi, ni kizazi kingine, tuwavumilie. Huyu aliiweza mchana mmoja. Tulipomfungia mlango hakutushuku sisi, alijishuku mwenyewe, na mimi niliyeitwa mwalimu wake nikamsaidia kujishuku, tena kwa methali. Amezikwa akiamini kwamba kichwa chake ndicho kilichoharibika.

Jioni ile kundi lilifunguliwa, na pole zikamiminika kutoka kwa watu ambao sikujua kwamba wana vidole. Nikapanda juu, juu zaidi, hadi kwenye sauti zake za zamani, nikasikiliza moja nikiwa nimekaa. "Mwaramutse majirani! Mumeamukaje?" Kisha ananyamaza. Jogoo anawika, mlango wa mtu unafungwa, naye bado amenyamaza. Sikuwahi kugundua kimya hicho, kwa sababu kila asubuhi nilikuwa nimeshaweka simu kando. Alikuwa anatupa nafasi ya kuitikia, kama mtu aliyesimama mlangoni. Msomaji wangu, kama nyumbani kwenu kuna mzee anayewatumia salamu, mwitikieni leo, angalau kwa neno moja, kabla hajaanza kujilaumu. Mimi niliitikia palepale kwa sauti, peke yangu sebuleni, na kwenye simu yeye akaendelea kungoja.